Mnapoandika mbio, andikeni na mlima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nijibu makala iliyotoka majuma machache yaliyopita, ile ya kuwashauri watu wazima wanaoanza kukimbia. Mengi yaliyomo yalikuwa mema: kunywa maji, kutoanza kwa pupa, kuvaa raba zinazokutosha. Lakini mwandishi akahitimisha kwa kusema kwamba anayetumia zaidi ya dakika 7 kwa kilomita moja asijiite mkimbiaji, huyo bado anatembea. Sentensi hiyo imenikaa kooni tangu siku ile.

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule moja ya sekondari hapa Lushoto, mkoa wa Tanga. Nina miaka 47 na watoto watatu, na kwa miaka kadhaa sasa nakimbia barabara za milima hii ya Usambara asubuhi, baada ya swala ya alfajiri. Kwa kipimo cha mwandishi wenu sijawahi kukimbia hata siku moja, labda nilipokuwa nateremka. Sikuumia moyo, maana mwalimu wa hesabu amezoea kuchukiwa. Nilichoshindwa kukivumilia ni hesabu yenyewe. Dakika kwa kilomita ni kipimo cha vitu viwili, muda na umbali. Huku kwetu kipo cha tatu, nacho ni kimo, na makala nzima haikukitaja.

Kwa wasiopajua: ukitoka barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha unaingilia Mombo, kwenye joto la bondeni, kiasi cha mita 400 juu ya usawa wa bahari. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi. Kati yake kuna lami ya kilomita kama 33 iliyochongwa kwenye ubavu wa mlima, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Kwa wastani unapanda mita 30 kwa kila kilomita, lakini wastani huo unadanganya, maana sehemu kubwa ya mlima imejaa kati ya Mombo na Soni, katikati ya njia. Na ukishafika Lushoto hujamaliza. Ukienda Irente kutazama bonde unapanda, ukienda Magamba unapanda, ukienda sokoni kununua karoti unapanda. Uwanja wa mpira wa shule yetu ndio bapa pekee ninayoweza kuitaja bila kufikiri, nao una kona moja iliyoinama.

Kukimbia nilikuanza kwa sababu ya wasichana. Timu yetu ya riadha ilikuwa inajiandaa kwa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, na mkuu wa shule akasema wasichana hawatatoka alfajiri bila mwalimu wa kike. Walimu wa kike siku hiyo wote wakawa na udhuru isipokuwa mimi, niliyechelewa kuingia kikaoni. Basi nikawa nakwenda nyuma yao nikiwa nimebeba masweta yao, maana mwezi wa sita hapa kuna baridi na ukungu mpaka huoni kona inayofuata. Wao wakiimba mchakamchaka, mimi natembea. Wakipotea kwenye kona, nakimbia kidogo nisiwapoteze. Nikiwaona tena, natembea. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye mchezo huu, nikichunga watoto wa watu.

Wasichana walipomaliza mashindano yao mimi niliendelea, sasa kwa mpango. Kipimo changu kilikuwa nguzo za umeme. Nguzo moja nakimbia, mbili natembea. Baada ya muda ikawa moja nakimbia, moja natembea. Halafu mbili nakimbia, moja natembea. Simu yangu ilikuwa na programu ya kunionyesha dakika kwa kilomita, nayo ilikuwa inaniletea takwimu za kukatisha tamaa: leo dakika 9, kesho dakika 11, keshokutwa dakika 8, kumbe tofauti yote ni njia niliyoshika siku hiyo. Nikaizima sauti. Nguzo zilinieleza zaidi, kwa sababu nguzo hazihami: mpando uleule, nguzo zilezile, mwezi huu nimekimbia ngapi na mwezi uliopita ngapi. Hayo ndiyo maendeleo yanayoweza kupimwa mlimani. Unalinganisha kipande na kipande hichohicho.

Kipimo cha pili nilipewa na wazee wa njiani bila wao kujua. Lushoto humpiti mtu mzima bila kumsalimu. Ukimpita kimya, habari inafika shuleni kabla yako. Na salamu yenyewe haiishii kwenye shikamoo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwalimu, hujambo? Watoto hawajambo? Na shule? Hao wanakukimbiza wako wapi, mbona siwaoni?"

Nikiweza kujibu yote hayo bila kusimama na bila kukata neno katikati, najua mwendo wangu ni wa kunifikisha mbali. Nikijibu "njema" kwa kila swali, nimezidisha. Siku nyingi za wiki ndivyo ninavyokwenda, kwa mwendo wa salamu. Mwendo wa kukosa adabu nauweka siku moja tu, kwenye mpando mfupi usio na nyumba.

Hatua zangu nimefundishwa na akina mama wanaobeba kuni. Watazame vizuri siku moja wakipanda kutoka msituni: mzigo kichwani, shingo imenyooka, hatua fupi, mguu unakanyaga karibu na ule uliotangulia, na mwendo haubadiliki mlima ukikaza. Hatua ndiyo inayofupishwa. Vijana wa timu walikuwa wanafanya kinyume, wanarefusha hatua mlima ukikaza ili uishe upesi, kisha wanashika viuno juu. Nilipoanza kwenda kwa hatua za wabeba kuni, vigimbi viliacha kuniuma na pumzi ikatulia. Na pale mpando unapokuwa mkali kabisa, kama zile njia za mkato wanazopita wanafunzi kukwepa kona za barabara, natembea, mikono nikiisukumia kwenye mapaja. Nimewahi kupima kwa saa kipande kimoja cha namna hiyo, mara nikikimbia na mara nikitembea haraka. Tofauti ilikuwa sekunde chache tu, lakini niliyekimbia nilihitaji kusimama juu na niliyetembea niliendelea na safari. Mwandishi wenu angeniambia nini hapo? Kwamba aliyesimama ndiye mkimbiaji?

Njia ya Magamba ndiyo niliyokaa nayo muda mrefu zaidi. Ni kama kilomita 7 kutoka mjini hadi juu penye msitu wa hifadhi, inapanda bila kukupa pa kupumulia, na ukibahatika utawaona mbega wakiruka kwenye miti. Mwanzoni ilinichukua zaidi ya saa moja na nusu, kutembea kukiwa kwingi kuliko kukimbia. Siku hizi nafika chini ya saa moja, na salamu zimo humo. Kushuka natumia kama dakika 45.

Hapa ndipo watu wa bapa huniambia, "Lakini mwalimu, si unarudi kwa mteremko? Ulichopoteza kupanda unakirudisha kushuka." Hapana, na hili huwapa wanafunzi wangu kila mwaka. Mtu anapanda mlima wa kilomita 6 kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa, anashuka njia ileile kwa kilomita 12 kwa saa. Wastani wa mwendo wake ni ngapi? Darasa zima huandika 9. Jibu ni 8. Kupanda kumemla saa nzima, kushuka nusu saa, jumla kilomita 12 kwa saa moja na nusu. Mlima hukuweka muda mrefu kwenye ule mwendo wako wa polepole, na muda mfupi kwenye ule wa haraka. Hivyo hata kama mteremko ungekulipa kwa ukarimu mwendo uleule ulioupoteza, hesabu ya mwisho ingekuonyesha umechelewa.

Na mteremko haulipi kwa ukarimu. Mwaka 2002 mtaalamu aitwaye Alberto Minetti na wenzake walichapisha vipimo vya nguvu inayotumika kutembea na kukimbia kwenye mashine iliyoinamishwa, na waliopimwa walikuwa wakimbiaji wa milimani hasa. Kwa vipimo vyao, mpando wa asilimia 10, yaani mita 10 za kupanda kwa kila mita 100 za kwenda mbele, unagharimu zaidi ya mara moja na nusu ya bapa. Mteremko wa asilimia hiyohiyo unakupunguzia, lakini si kwa kiasi ulichoongezewa. Ukishuka zaidi ya asilimia 20 hivi, gharama inaanza kupanda tena, kwa sababu sasa unatumia nguvu kujizuia usianguke.

Kujizuia huko ndiko kunakoumiza, nami nina ushahidi. Mara ya kwanza niliposhuka mbio kutoka Lushoto hadi Soni nilijiona mwepesi kama binti wa Kidato cha Kwanza. Pumzi ilikuwepo, salamu nilizitoa kwa wimbo. Kesho yake mapaja yalikuwa yananong'ona, kesho kutwa yalikuwa yanapiga kelele. Nilishuka ngazi za jengo la utawala kinyumenyume, nikishika ukuta, Kidato cha Pili wakishuhudia. Sababu ni kwamba unaposhuka, misuli ya mbele ya paja inavuta huku ikirefushwa ili kuuzuia mwili, na kazi hiyo huichana kidogo kidogo. Maumivu hufika kileleni siku ya pili au ya tatu. Jambo jema ni kwamba misuli hujifunza upesi. Niliposhuka tena njia ileile baada ya kupona, sikuumia hata nusu ya pale. Tangu hapo nashuka makusudi kila baada ya muda, kwa kipande kifupi, ili mapaja yasisahau. Ushauri huu haukuwemo katika makala yenu, nami nadhani ndio unaohitajika zaidi na mtu wa Lushoto, wa Mbeya, wa Marangu au wa Njombe kuliko ule mlioutoa wa kutazama rangi ya mkojo kujua kama umekunywa maji ya kutosha.

Nirudi kwenye kipimo. Watu wamehangaika na jambo hili zamani. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti aitwaye William Naismith alitoa kanuni ya kukadiria safari: saa moja kwa kila maili 3, kisha ongeza saa moja kwa kila futi 2,000 utakazopanda. Fanya hesabu na utaona kwamba mita 1 ya kupanda aliifanya kuwa sawa na mita 8 hivi za kwenda mbele. Siku hizi chama cha kimataifa cha mbio za njia za milimani na misituni, ITRA, kinatumia kanuni rahisi zaidi: kila mita 100 za kupanda zihesabu kuwa kilomita 1 ya nyongeza. Hakuna fizikia nzito hapo, mtoto wa darasa la tano anaiweza.

Tuichukue kanuni hiyo tuipeleke Mombo. Kilomita 33 za barabara, mita 1,000 za kupanda, na hapo sijahesabu vishuko vidogo vinavyokurudisha chini kisha ukapanda tena. 33 jumlisha 10 ni 43. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Kwa hiyo yule kijana anayepanda kutoka Mombo hadi Lushoto kwa miguu amekula marathoni na kubakiza chenji, lakini kwa gazeti lenu amekwenda kilomita 33 kwa mwendo wa aibu. Mimi Mombo hadi Soni nimefika. Nilishuka na Noah ya kwanza, yale magari madogo ya abiria, nikaanza kupanda kabla jua halijachomoza, kwa sababu joto la Mombo linaweza kukumaliza kabla ya mlima wenyewe. Soni nikanunua ndizi na maji, nikapanda Noah nyingine kwenda nyumbani, wala sikuona aibu. Kipande kilichobaki nitakiunganisha Mungu akipenda.

Msifikiri hili ni suala la sisi wa pembeni tu. Shirikisho la riadha la dunia lenyewe linajua kwamba muda bila kimo hausemi kweli. Ili rekodi ya barabarani ikubaliwe, njia isishuke zaidi ya mita 1 kwa kila kilomita kutoka mwanzo hadi mwisho, na mahali pa kuanzia na pa kumalizia pasitenganishwe na zaidi ya nusu ya urefu wa mbio. Ndiyo maana Geoffrey Mutai wa Kenya alipokimbia marathoni ya Boston, Marekani, mwaka 2011 kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2, haraka kuliko mtu yeyote kabla yake, haikuandikwa rekodi ya dunia. Boston inaanza juu na kuishia karibu na bahari, inashuka kiasi cha mita 140, na siku ile upepo uliwasukuma mgongoni.

Na hiyohiyo Boston inayoshuka ndiyo iliyomnyima ushindi Juma Ikangaa, mkimbiaji wetu wa Tanzania. Mwaka 1988 alishika nafasi ya pili, sekunde 1 nyuma ya Ibrahim Hussein wa Kenya. Mwaka 1989 wa pili. Mwaka 1990 wa pili tena. Nilikuwa mtoto wakati huo, baba yangu akisimulia matokeo ya redioni kwa hasira kama vile Ikangaa ni mdogo wake wa tumbo moja. Sasa kwa kuwa najua mapaja yanavyolipa mteremko, najua njia ile inafanya nini: inakushusha kilomita nyingi za mwanzo, inakula misuli yako ukiwa hujui, kisha baada ya kilomita ya 25 inakuletea vilima vya Newton, mji ulio njiani, kimoja baada ya kingine. Cha mwisho, kilicho maarufu kuliko vyote, hakifiki hata mita 30 kwa kimo. Mita 30! Kati ya nyumba yangu na duka la mkate kuna zaidi. Lakini kinakuja mahali kinapouma. Mwaka huohuo wa 1989 Ikangaa alikwenda New York, kwenye madaraja matano ya kupanda na kushuka, akashinda kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1.

Halafu Alphonce Simbu. Septemba 2025 kule Tokyo alitwaa dhahabu ya dunia ya marathoni, ya kwanza kwa Tanzania, kwa muda uleule wa saa 2:09:48 na Mjerumani aliyekuwa naye bega kwa bega, tofauti ikiwa sehemu 3 kati ya 100 za sekunde. Gazeti lenu liliichapisha tofauti hiyo kwa herufi kubwa, na mlifanya vyema, nami niliibandika ukutani darasani. Ikiwa mna jicho la kuona sehemu 3 za mia za sekunde, mita 1,000 za Mombo mnazikosaje?

Nimejaribu na mbio rasmi, msije mkasema nazungumza kutoka jikoni. Nilikwenda Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon, mbio zinazofanyika tangu 2003, nikaingia ile ya kilomita 21. Inaanzia na kuishia Chuo Kikuu cha Ushirika, inatoka mjini na kupanda barabara ya Mweka, kisha inageuka na kurudi. Njia yao iko kati ya mita 830 na 1,150 hivi. Nilitoka milimani nikadhani Moshi itakuwa mchezo, lakini jua la Februari lilinifundisha. Mpando wenyewe haukunitisha, ni mrefu na mpole. Njiani wamama wa Mweka walikuwa wanatushangilia kwa vigelegele, na mmoja akaniambia, "Kaza mama, wanao wako mbele!" akidhani vijana walionitangulia ni wanangu. Sikumkanusha. Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 41.

Sasa gawanyeni. Dakika 161 kwa kilomita 21.1 ni dakika 7 na sekunde 38 kwa kilomita. Kwa mwandishi wenu, nilitembea kutoka Ushirika hadi Mweka na kurudi. Ongezeni mita 320 za kupanda, yaani kilomita 3.2, iwe 24.3. Dakika 161 kwa 24.3 ni dakika 6 na sekunde 38. Kumbe nilikimbia! Mtu yuleyule, miguu ileile, jasho lilelile. Kilichobadilika ni kwamba safari hii mlima umehesabiwa.

Jambo moja pembeni kabla sijamaliza, kwa kuwa nimepata nafasi. Barabara hizi hazina pa kupita mtu wa miguu. Malori ya kabichi na viazi yanayoshuka sokoni Dar es Salaam husikika kutoka mbali, hayo hayanipi shida. Wanaonitisha ni bodaboda wanaozima injini wakiteremka ili kuokoa mafuta. Huwasikii kabisa mpaka upepo wake ukupige sikioni. Mimi hukimbia upande wa kulia nikitazama magari yanayokuja, ila kwenye kona zenye mwamba upande wa kulia navuka kabla ya kona, nitokee upande wa nje ambako dereva ataniona. Na navaa fulana ya njano juu ya gauni la mazoezi na mtandio. Watoto wa mtaani wananiita "mwalimu wa trafiki". Anayeanza kukimbia huku ajue haya kabla ya kujua idadi ya dakika zake.

Ombi langu ni dogo, Mhariri. Mnapochapisha matokeo ya mbio za nchini, ziwe za Moshi, Mbeya, Arusha au Zanzibar, pembeni ya umbali na muda wekeni namba moja zaidi: jumla ya mita za kupanda. Waandaaji wanayo au wanaweza kuipata. Simu msiziamini sana, kwa sababu kipimo chao cha kimo huyumba na zikisimama tu mahali pamoja zinaweza kukuandikia kuwa umepanda. Ramani za 1:50,000 zinatosha. Unafuata njia kwa penseli na kuhesabu kila mstari wa kontua, ule unaounganisha sehemu zenye kimo kimoja, unaouvuka ukielekea juu, kisha unazidisha kwa tofauti ya kimo kati ya mstari na mstari. Mwenzangu wa jiografia ana ramani ya eneo letu kabatini, na wanafunzi wa Kidato cha Tatu wanafanya zoezi hilo kwa kipindi kimoja.

Na ile sentensi ya dakika 7 iondolewe, au iongezewe maneno mawili: "kwenye bapa". Msomaji wenu anayekimbia kwenye bapa la Daraja la Tanzanite, Dar es Salaam, aendelee nayo, inamfaa. Wasichana wangu wameisoma, na mmoja wao, anayepanda Magamba haraka kuliko mwalimu yeyote wa shule hii, aliniuliza kama ni kweli yeye hakimbii. Nimemwambia asubiri jibu la gazeti.

Wako,
Mwalimu wa Hesabu,
Lushoto, Tanga.